Vietnam siku 10, miji mitano: kifurushi cha mawakala wa Dar kimepimwa kituo kwa kituo

Ukikusanya ratiba za Vietnam zinazouzwa na mawakala wa safari hapa Dar, wenye ofisi Posta na Masaki pamoja na wale ambao ofisi yao ni simu, utadhani zote zimetolewa fotokopi kwenye karatasi moja. Siku 10, usiku 9. Hanoi, ghuba ya Ha Long, Da Nang na Hoi An, Ho Chi Minh, delta ya Mekong, kisha kurudi Hanoi kupanda ndege ya nyumbani. Kinachobadilika ni nembo juu ya karatasi na bei chini yake. Kwa hiyo hapa hapimwi wakala yeyote. Inapimwa ratiba yenyewe, kama mtu anavyokagua friji kabla ya kutoa hela.

Hukumu kwanza, kwa wenye haraka. Mpango wa ndege ni mbovu. Kaskazini ni wastani. Katikati ya nchi, ambako ndiko penye utamu kwa mtu anayefuata utamaduni, pamepewa muda wa kunywa chai. Kusini pamejazwa maonyesho ambayo kwa mtu wa Pwani hayana jipya. Tano kwa kumi kilivyo, nane kwa kumi kikirekebishwa, na marekebisho mengi ni ya kupanga upya tu, wala hayahitaji kuongeza fedha.

Siku 10 ambazo ni nane

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Vietnam. Njia zilizozoeleka ni kupitia Doha, Dubai au Istanbul. Dar hadi Doha ni kama saa sita, Doha hadi Hanoi kama saa saba, na ukijumlisha kusubiri katikati safari inakula saa 16 hadi 20, wakati mwingine zaidi. Vietnam nayo iko mbele yetu kwa saa nne. Siku ya kwanza na ya mwisho kwenye karatasi ni za angani. Unachonunua hasa ni siku nane.

Sasa pima urefu wa nchi. Reli ya Hanoi hadi Ho Chi Minh ina kilomita 1,726. TAZARA yote, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860. Ratiba inayokushusha urefu huo kisha inakurudisha ulikoanzia inakukata zaidi ya nusu siku: kwenda uwanjani, foleni, saa mbili na ushee angani, kisha kusubiri tena. Dawa ni tiketi ya kuingilia Hanoi na kutokea Ho Chi Minh. Qatar Airways, Emirates na Turkish Airlines zote zinatua miji hiyo miwili, kwa hiyo huombi kitu cha ajabu. Wakala akisema haiwezekani, muulize kama tayari ameshika viti vya kundi. Mara nyingi ndiyo sababu.

Mtego mwingine uko kwenye mizigo. Tiketi ya kimataifa inaweza kukupa begi mbili za kilo 23, ukafungasha kwa hesabu hiyo. Halafu ratiba inasema "ndege za ndani zimejumuishwa", na ndege yenyewe ni ya bei ya chini ambayo tiketi yake ya kawaida hairuhusu begi la chini hata moja. Kwa VietJet, kwa mfano, unapanda na kilo saba za mkononi basi. Kulipia kilo kaunta ni ghali kuliko kuzilipia mapema mtandaoni. Kabla hujalipa amana, dai namba ya kilo iandikwe kwenye kila tiketi ya ndani, si neno "mizigo" peke yake.

Viza: kosa liko kwenye majina

Tangu Agosti 15, 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, Tanzania ikiwemo. Inafika hadi siku 90. Ada ni dola 25 kwa kuingia mara moja na dola 50 kwa kuingia mara nyingi, na hairudishwi hata ukikataliwa. Muda rasmi ni siku tatu za kazi. Wewe weka wiki mbili. Tovuti halisi anwani yake inaishia na .gov.vn. Nyingine zinazofanana nayo ni za madalali wanaotoza mara mbili au tatu kwa fomu ileile.

Pasi yetu ina sehemu ya jina la ukoo na sehemu ya majina mengine. Watu wengi hujaza fomu kwa mpangilio waliouzoea mdomoni, jina langu, la baba, la babu, na herufi zikapishana na zile za mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha, yenye alama kama mishale. Jaza kwa kufuata mistari hiyo, jina kwa jina, bila kufupisha la kati. Tarehe huanza na siku, halafu mwezi. Uwanja wa kuingilia uchaguliwe uleule ulio kwenye tiketi, na ukibadili tiketi ili utokee Ho Chi Minh, hakikisha fomu nayo imebadilika. Viza huanza tarehe iliyoandikwa, si kabla. Ndege inayotua usiku wa manane imewaponza wengi kwa kosa la siku moja.

Kifurushi kikisema "viza imejumuishwa", usisubiri kuoneshwa kwenye foleni ya uwanjani. Taka faili mapema, uisome herufi kwa herufi ukiwa na pasi mkononi, kisha uichapishe. Pasi iwe na miezi sita mbele. Kadi ya manjano ya chanjo weka begi la mkononi hata kama hakuna aliyekuuliza.

Hela, na ramani iliyochorwa kwenye noti

Dong inatisha kwa sifuri zake, lakini kwa Mtanzania hesabu ni nyepesi kuliko kwa Mzungu. Dola moja ni kama dong 26,000, na kwetu ni kama shilingi 2,500 na kitu. Maana yake dong kumi ni karibu shilingi moja. Futa sifuri moja, umepata bei ya Kariakoo. Supu ya dong 60,000 ni kama 6,000. Teksi ya 150,000 ni kama 15,000.

Cha kuangalia ni noti mbili za bluu, ya 20,000 na ya 500,000. Gizani, ndani ya teksi, zinafanana vya kutosha kukufanya ulipe mara ishirini na tano. Zitenge mifuko tofauti. Na ukishazitenga, zitazame vizuri, kwa sababu serikali ya Vietnam imechapa ratiba bora kuliko ya wakala: noti ya 100,000 ina banda la Hekalu la Fasihi la Hanoi, ya 200,000 ina Ha Long, ya 50,000 ina Hue, ya 20,000 ina daraja la Kijapani la Hoi An. Hue, mji uliopewa noti yake, ndio mawakala wetu wanauruka.

Beba dola safi, zisizochanika wala kuandikwa. Chakavu hukataliwa au hupunguzwa thamani. Mashine za benki nyingi hutoa kati ya dong milioni mbili na tano kwa mara moja na hukata ada kila mara, hivyo toa nyingi mara chache. Ijulishe benki yako hapa kwamba kadi itatumika nje.

Kaskazini

Ratiba inatoa usiku miwili Hanoi, na wa kwanza umekwenda na usingizi. Mtaa wa Kale, karibu na ziwa Hoan Kiem, ndio mahali pa kulala, kwa sababu kila kitu kiko kwa miguu. Mitaa mingi pale jina lake huanza na Hang, yaani bidhaa, kisha bidhaa yenyewe: hariri, fedha, karatasi. Ni kama Kariakoo na mitaa yake inayojulikana kwa kinachouzwa, ila huku majina yamebaki hata pale ambapo bidhaa imeshahama.

Hekalu la Fasihi, lililojengwa mwaka 1070, ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote ya mji kwa mtu wa utamaduni. Kiingilio ni dong 70,000. Kuna mabamba 82 ya mawe juu ya migongo ya kobe, yenye majina ya waliofaulu mitihani ya kifalme kuanzia 1442 hadi 1779. Bila mwongozaji utaona kobe tu. Kwa hiyo hapa ndipo pa kulipia mwongozaji, hata kama siku nyingine unatembea mwenyewe. Fika mapema. Wahitimu wa vyuo hujaa pale kupiga picha.

Kaburi la Ho Chi Minh, kiongozi ambaye ule mji wa kusini unaitwa kwa jina lake, liko kwenye kila ratiba, na hapo ndipo wakala asiyejua hujulikana. Hufunguliwa asubuhi tu, hufungwa Jumatatu na Ijumaa, na kila mwaka, kwa kawaida kati ya Juni na Agosti, hufungwa kwa wiki kadhaa kwa ajili ya kutunza mwili. Jumba la Makumbusho ya Makabila, linaloeleza makabila 54 ya nchi na lenye nyumba za asili uani unazoingia ndani, nalo hufungwa Jumatatu. Ratiba ikikuweka Hanoi Jumatatu, umekosa vyote viwili kwa mpigo na utatazama milango. Kaburini mabega na magoti yafunikwe. Kaptula inarudishwa getini.

Tamthilia ya vikaragosi vya majini huchukua kama dakika 50. Wachezaji husimama majini hadi kiunoni nyuma ya pazia la mianzi na kuendesha vikaragosi kwa fito zilizo chini ya maji, ngoma na uimbaji vikipigwa papo hapo pembeni. Maneno huelewi, na wala huyahitaji. Tiketi za jioni huisha, nunua siku moja kabla.

Ha Long ni suala jingine. Ni pazuri, hakuna ubishi, na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1994. Lakini ni mandhari, si utamaduni, na "siku mbili usiku mmoja" za meli hazifiki saa 24: unapanda mchana na unashushwa asubuhi inayofuata kabla ya saa tano au saa sita. Ongeza saa mbili na nusu za barabara kwenda na nyingine kurudi. Safari ya siku moja ndiyo mbaya zaidi, saa tano garini kwa saa nne au sita majini. Ukiamua kwenda, ulizia meli ya ghuba ya Lan Ha, upande wa kisiwa cha Cat Ba, ambako msongamano ni mdogo. Na mkataba useme nani anarudisha nini mamlaka ya bandari ikizuia meli kutoka. Kati ya Julai na Septemba vimbunga si tetesi. Kimbunga Yagi cha Septemba 2024 kilipiga hapohapo.

Anayefuata utamaduni abadilishe Ha Long na Ninh Binh, chini ya kilomita 100 kusini mwa Hanoi. Unapata miamba ileile ya chokaa, ila ikiota katikati ya mashamba ya mpunga, pamoja na Hoa Lu, mji mkuu wa kale wa mwaka 968 hadi 1010, na mapango ya Trang An unayopita kwa mtumbwi kwa muda wa kama saa tatu. Tam Coc, jirani yake, wapiga makasia hutumia miguu, wakiwa wameegemea nyuma kama mtu aliye kibarazani. Mpunga hugeuka dhahabu mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Lala usiku mmoja. Magari ya watalii yakishaondoka kurudi Hanoi, mahali panabaki na bata na baiskeli.

Katikati, ambako kifurushi kinaanguka

Ratiba ya kawaida inakupa usiku mbili Da Nang, siku nzima ya Ba Na, na jioni moja ya Hoi An. Ba Na ni mlima wenye magari ya kamba, kijiji cha Kifaransa cha kuigiza, na lile daraja linaloshikwa na mikono mikubwa, lililofunguliwa 2018. Tiketi ni karibu dong milioni moja. Picha ni nzuri. Utamaduni wa Vietnam humo ni mwavuli wa muuza tiketi. Ifute siku hiyo, uipeleke Hue.

Hue ilikuwa makao ya wafalme wa Nguyen kuanzia 1802 hadi 1945. Ngome yake ya kifalme, kiingilio dong 200,000, inahitaji saa tatu zisizo za jua la utosi. Ingia saa mbili asubuhi. Sehemu kubwa iliharibiwa kwenye mapigano ya 1947 na ya 1968, kwa hiyo usishangae kukuta viwanja vya majani palipokuwa na majumba. Ukumbi wa Thai Hoa umefunguliwa tena Novemba 2024 baada ya ukarabati mrefu. Makaburi ya wafalme yako nje ya mji, na matatu yanatosha: la Minh Mang kwa mpangilio, la Tu Duc kwa bustani, la Khai Dinh kwa vigae na vioo vilivyobandikwa ukutani kuanzia chini hadi darini. Zaidi ya hayo matatu akili inachoka. Wafalme wawili wa ukoo huu, Thanh Thai na Duy Tan, Wafaransa waliwahamishia kisiwa cha Réunion mwaka 1916, huku kwetu kwenye Bahari ya Hindi. Mwongozaji mzuri atakusimulia bila kuulizwa.

Kutoka Hue kwenda Da Nang panda treni. Ni kilomita kama 100 zinazochukua saa mbili na nusu hadi tatu na zaidi, ikizunguka mlima wa Hai Van ukingoni mwa bahari. Gari la kifurushi hupita kwenye handaki la zaidi ya kilomita sita lililofunguliwa 2005, na ndani ya handaki huoni kitu. Ukielekea kusini, kaa upande wa kushoto. Tovuti ya shirika la reli wakati mwingine hukataa kadi za nje, na hapo mhudumu wa hoteli anaweza kukununulia au unakwenda stesheni mwenyewe siku moja kabla.

Hoi An haina uwanja wa ndege wala stesheni. Iko kama kilomita 30 kutoka Da Nang. Hapa kuna jambo jipya la kuangalia kwenye mkataba. Julai 1, 2025 Vietnam ilipunguza mikoa yake kutoka 63 hadi 34, na Hoi An ikaingizwa ndani ya jiji la Da Nang. Sasa "hoteli Da Nang" inaweza kuwa popote kati ya pwani ya ghorofa ndefu na mji wa kale wenyewe. Ho Chi Minh nayo imemeza mikoa jirani. Usikubali jina la jiji, dai jina la hoteli, uliweke kwenye ramani.

Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar ataielewa Hoi An kabla ya kuelezwa: bandari ya msimu wa pepo, wafanyabiashara wa Kichina na Kijapani waliosubiri upepo ugeuke, wakajenga nyumba, kumbi na mahekalu. Bandari ikajaa mchanga, biashara ikahamia Da Nang, na kwa sababu hela ziliondoka nyumba hazikubomolewa. Tiketi ya dong 120,000 inafungua majengo matano kwa chaguo lako. Chukua angalau nyumba moja ya kale, ukumbi mmoja wa Wachina na daraja la Kijapani, ambalo ukarabati wake ulikamilika Agosti 2024. Jioni panajaa taa na watu, na mitumbwi inagombania abiria. Alfajiri, kabla ya saa moja, mji ni wa wenyeji: mafundi wanafungua milango, wazee wanakunywa kahawa, soko la samaki limeshachangamka.

Sababu kubwa ya kulala Hoi An usiku mitatu badala ya jioni moja ni mafundi cherehani. Wanajitangaza kwa suti ndani ya saa 24, na kweli watakukabidhi kitu ndani ya saa 24. Kitu hicho ndicho watu wanakuja nacho Dar na kukipeleka kwa fundi mwingine. Hesabu sahihi ni siku tatu: kupima siku ya kwanza, kujaribu ya pili, kurekebisha na kujaribu tena ya tatu. Nenda na vazi linalokukaa vizuri waigize vipimo, maana picha ya simu haina mabega. Kagua bitana kwa kuivuta, angalia kama tundu za vifungo zimeshonwa au zimechomwa, na waambie waache nafasi ya kuongezea kwenye mishono ya kiuno na paja. Kitambaa wanachokiita sufu safi mara nyingi kimechanganywa. Omba kiuzi, kichome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele na kuacha majivu, ya plastiki huyeyuka na kuganda. Vitenge vyako pia wanashona, na kwa mshangao wa wengi hiyo ndiyo biashara nzuri kuliko zote, kwa kuwa kitambaa umekuja nacho na unalipa mkono tu. Dukani ulikopelekwa na mwongozaji, bei ina kamisheni yake ndani.

Asubuhi moja ipeleke My Son, kama kilomita 40 kutoka hapo. Ni mahekalu ya matofali ya Wacham waliofuata dini ya Kihindu, yaliyojengwa kati ya karne ya 4 na ya 13, yakapigwa mabomu ya Marekani mwaka 1969. Mashimo ya mabomu bado yapo katikati ya minara. Ondoka gizani ili ufike kabla ya saa mbili, joto na mabasi vikiwa bado njiani.

Kusini

Ho Chi Minh, ambayo wenyeji bado wanaiita Saigon, inatosha siku mbili. Jumba la Makumbusho ya Mabaki ya Vita, dong 40,000, lipe saa mbili na usiliweke baada ya chakula. Vyumba vya picha za Agent Orange, sumu ya kuua mimea iliyomwagwa na Wamarekani vitani, ni vizito, na watoto wadogo wabaki uani kwenye vifaru na ndege. Jumba la Uhuru, ambako kifaru kilivunja geti Aprili 30, 1975, limeachwa kama lilivyokuwa, pamoja na simu za chumba cha vita chini ya ardhi. Mahandaki ya Cu Chi, walikojificha wapiganaji wakati wa vita, yana vituo viwili. Ben Dinh ni karibu na hujaa, Ben Duoc ni mbali kidogo na hupumua. Kifurushi hukupeleka Ben Dinh. Mwenye presha au hofu ya kubanwa asiingie kwenye njia ya chini, hata kama imepanuliwa kwa ajili ya wageni.

Siku ya Mekong ndiyo ya kufuta bila huruma. Safari ya My Tho na Ben Tre ni kuoneshwa minazi, kuonja pipi za nazi, kupanda mtumbwi kwenye mfereji wa miti na kunywa maji ya dafu. Kumtoa mtu Dar akalipie hayo ni sawa na kumpeleka Mpemba kutazama karafuu. Anayeitaka delta kweli alale Can Tho, kilomita kama 170, aende soko la majini la Cai Rang saa kumi na moja alfajiri, huku akijua kwamba soko hilo limepungua sana tangu barabara zilipokuwa nzuri. La sivyo, siku hiyo itumie Cho Lon, mtaa wa Wachina, kwenye hekalu la Thien Hau ambako ubani wa duara unaning'inia darini ukiwaka.

Chakula, na wasiokula nguruwe

Vifurushi hujivunia "milo yote". Hilo ni kosa la kununua. Chakula cha kundi hupikwa kipoe ladha ili kisimuudhi mtu, na unalipishwa mara tatu ya bei ya mtaani. Chukua kifungua kinywa tu. Bakuli la pho, supu ya tambi, ni dong 40,000 hadi 70,000, mkate wa banh mi 20,000 hadi 35,000. Pho ni chakula cha asubuhi, kama supu kwetu; mabanda mazuri yameshafuta meza kabla ya mchana.

Nguruwe yuko kila mahali, hata pasipoandikwa: kwenye mchuzi wa tambi, kwenye cao lau, tambi za Hoi An, na mafuta yake kwenye kukaangia. Andika kwenye simu "Tôi không ăn thịt heo" kwa kusini, na kaskazini ubadili neno la mwisho liwe "lợn". Ukiona "chay", ni chakula kisicho na nyama kabisa, na tarehe mosi na kumi na tano za mwezi mwandamo migahawa hiyo hujaa Wabudha. Msikiti wa Hanoi ni mmoja, Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc. Ho Chi Minh kuna Jamia uliojengwa 1935 mtaa wa Dong Du, katikati ya mji, na migahawa ya halali iko hatua chache kutoka pale. Hue na Hoi An kazi ni ngumu zaidi. Tegemea samaki na chay.

Wakati wa kwenda, na vidogo vilivyobaki

Vietnam haina msimu mmoja. Januari Hanoi inaweza kushuka hadi nyuzi 12 na manyunyu, na koti la Dar halitoshi. Katikati mvua hushuka Septemba hadi Desemba, na Hoi An hufurika Oktoba na Novemba hadi watu wanatembea kwa mitumbwi mitaani. Kusini ni kukavu Desemba hadi Aprili. Machi na Aprili ndizo zinazokubaliana na nchi nzima, na kwetu ni masika, huna unachokosa. Epuka Tet, sikukuu ya mwaka mpya, labda uwe na mwenyeji: maduka na makumbusho hufungwa, tiketi za treni huisha. Mwaka 2027 inaangukia Februari 6, siku chache kabla ya Ramadhani.

Laini ya simu nunua uwanjani kwa pasi; Viettel, kampuni mama ya Halotel, inashika hadi vijijini. Usafiri mjini ni Grab, programu ya simu ya kuita teksi, bei unaiona kabla. Pikipiki ya kukodi iache, kwani leseni ya Tanzania peke yake haitoshi na bima itakukana. Plagi zetu za pini tatu haziingii, beba adapta. Kanga moja kwenye begi inafunika mabega kwenye kila hekalu.

Uwanjani Ho Chi Minh, siku ya kuondoka, mambo mawili. Mchuzi wa samaki usiuweke begi la mkononi, na mashirika mengi huukataa hata begi la chini kwa sababu chupa ikipasuka ndege nzima inanuka. Korosho zilizokaangwa ni zawadi salama, ingawa huenda zimetoka Mtwara zikiwa ghafi. Na dong zilizobaki zibadilishe hapohapo kabla ya kupita ukaguzi, kwa kuwa maduka ya kubadilisha fedha ya Samora hayazichukui.